Chai ya Jikoni kwa Jepkorir

Msiniambie majani ya chai ni majani tu. Shangazi yangu Jepkorir angewafukuza na mwiko.

Mwaka wa hamsini na tatu mzungu wa Keringet alimtimua yeye na mumewe Kiptanui ili apanue shamba lake la chai. Walitolewa moto ukiwa bado jikoni, jamani! Shangazi alifunga mbegu za chai hiyo kwenye kitambaa cha kichwa, akazipanda nyuma ya choo huko Rongai, walikopata kibarua cha mahindi. Aliificha, maana Mwafrika kupanda chai ilikuwa kesi. Akainywesha maji ya vyombo miaka minne. Joto la Rongai likaitesa, majani yakawa magumu kama ngozi.

Halafu Kiptanui akaugua, chakula kikamshinda.

"Nipikie ile chai ya Keringet," akasema. "Ile ina nguvu. Nikiinywa nitainuka."

Shangazi akachuma, akasugua majani kwa viganja, akayaanika, akapika na maziwa. Kiptanui akanywa.

"Ni yenyewe."

Shangazi akaonja. Chungu tupu, harufu hakuna. Akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Hata wewe unanidanganya?"

"Nilitaka ufurahi, mama Chelangat."

"Nifurahie nini? Mbegu ni ile ile! Ni udongo waliotunyang'anya, na ile baridi, na ile mvua!"

Kesho yake akadandia lori la mahindi kwenda Keringet. Nikaenda naye, maana kumzuia ni kazi bure. Akaingia kwenye chai mchana kweupe, akaanza kuchuma. Nyapara, Kipsang, akaja mbio.

"Mama, nani amekuruhusu kuchuma hapa?"

"Ala! Kwani mtu huomba ruhusa jikoni kwake?"

Akainama, akafukua chini ya mche. Jiwe la figa la jiko lake la zamani likatokea, bado jeusi kwa moshi. Kipsang aliliangalia, na bado akamwaga kikapu chote na kuyakanyaga majani. Eti mzungu angemfuta kazi! Mtu mzima, anakanyaga dawa ya mgonjwa.

Shangazi akabeba lile jiwe mgongoni kama mtoto.

"Umeleta chai?" Kiptanui akauliza tulipofika.

Akamwekea jiwe kifuani. "Wamekataa na chai yao. Nimekuletea jiko."

Kiptanui akalikumbatia, akalinusa. Tulimzika wiki hiyo hiyo, na mimi hasira yangu haijaisha mpaka leo.