Dawa ya Siku za Hesabu

Wiki iliyopita jirani yangu wa hosteli alishikwa na homa, akachemsha majani ya mwarobaini. Harufu ile chungu ikapenya chini ya mlango wangu. Mtu mzima wa chuo, nikaogopa kama mtoto.

Utotoni tulikaa katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera, mimi na Mama, katika nyumba ya mabati iliyopokea kelele za majirani wote. Nilikuwa darasa la tano, na kila siku ya hesabu za kugawanya niliugua tumbo. Mwalimu Wairimu alikuwa na desturi ya kumwita mtu ubaoni bila kumwonya, kwa kumnyooshea kipande cha chaki tu. Niliiogopa chaki ile kuliko mbwa wa usiku. Mwisho wa muhula majina yalisomwa mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza, na tayari nilijiona nikishika mkia huku Mama amekaa pale na kitambaa chake cha kanisani. Tena watu wazima walipenda kusema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nilikuwa nimenyolewa kipara kwa sababu ya choa, basi nikajua fungu langu.

Mama hakubishana na tumbo. Alichemsha mwarobaini mpaka chumba kizima kikawa kichungu, nami nikanywa, nikabaki nyumbani. Asubuhi moja alinitazama nikimaliza kikombe bila kukunja uso. Akanishika mkono. Tuliruka mtaro wa maji machafu, tukafika shuleni hesabu ikiendelea.

"Mwalimu, huyu tumbo yake haina shida," Mama alisema mlangoni. "Ako na uoga. Anakunywa hii dawa yote ndio asikuje hapa. Imenishtua."

Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu Wairimu alininyooshea chaki.

"Nekesa, kuja."

Ubaoni palikuwa na mia nne thelathini na mbili, igawanywe kwa nane. Nilihisi macho ya darasa zima kwenye kile kipara changu.

"Siwezi, mwalimu."

"Andika penye unaweza."

Niliandika tano. Hatua iliyofuata nikakosea, na huko nyuma kicheko kikaanza. Mwalimu aligeuka polepole.

"Mwenye anacheka akuje amalizie."

Hakuna aliyeinuka. Hata wale vigogo wa dawati la mbele walianza kukagua viatu vyao.

"Hiyo tano ni sawa," akaniambia. "Umepotelea hapa, hujashusha mbili. Futa hapo tu, urudie."

Nilirudia, nikakosea tena. Kengele ililia kabla sijapata jibu. Nilirudi kwenye dawati nikingoja jambo baya linipate, na nilichosikia ni njaa.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwa nini hakuna aliyeinuka: darasa zima lilikuwa likiiogopa ile chaki, na kila mmoja alidhani yuko peke yake. Nilikuwa nimejihesabu kosa kutoka utosini hadi unyayoni, kumbe nilikuwa nimekosea mahali pamoja. Siku hizi mhadhiri akiuliza swali, hofu huja vilevile. Nainua mkono hivyo hivyo.