Mstari Nilioukata Katika Ngitili ya Mama Masanja

Kuna asubuhi moja ya Kishapu ambayo naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata ile niliyopewa uprofesa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nina daftari, kamba ya kupimia na panga jipya, na sikubali neno la mtu bila ushahidi. Ukinitazama leo unadhani nilizaliwa mpole.

Nilikuwa nahesabu digidigi na kanga ndani ya ngitili, yaani eneo la malisho ambalo familia ya Kisukuma hulifunga masika yote ili nyasi zingoje kiangazi. Hii ilikuwa ya mwenyeji wangu, Mama Masanja, mjane mwenye maksai wawili wa kulimia. Nyasi zile ndizo zingewafikisha kwenye mvua. Wanaume wa pale waliniita mchumba wa fisi, kwa sababu nilikusanya kinyesi chake na kukitia kwenye mifuko.

"Leo unaokota nini, binti?" Mama Masanja aliniuliza. "Nyasi au mavi?"

"Shikamoo mama. Leo napima mstari."

"Marahaba. Basi pitia kule pembeni penye tawi la miiba linaloziba mlango, na ukitoka ulirudishe."

Niliitikia. Lakini njia ya pembeni ilikuwa imepinda, nami nilifundishwa kwamba mstari wa kuhesabia wanyama sharti unyooke. Nikakata ua wa miiba upande huu, nikanyoosha mpaka nikatokea upande wa pili. Kwenye daftari ilipendeza sana. Nikaondoka, nikakaa Shinyanga mjini siku nne.

Niliporudi, ngitili ilikuwa imenyolewa. Ng'ombe wa watu, wakipelekwa kunywa maji, waliuona uwazi wakaingia, wakaufuata mstari wangu kama barabara. Na wazee walikuwa wamekutana nyumbani kwa Mzee Luhende, shemeji yake Mama Masanja, wakimhukumu jirani aitwaye Kulwa. Walidai kwamba ndiye aliyekata ua ili alishe mifugo yake. Adhabu ilikuwa dume la ng'ombe, na asiyelipa hutengwa: hapewi moto, na akifiwa hasaidiwi kuzika. Kulwa alikuwa na watoto wanne na dume mmoja tu.

Nilinyamaza, mwanangu. Sitakuficha. Nilikuwa na barua ya kibali yenye muhuri, na niliogopa utafiti wangu kuvunjwa. Kulwa akaapa, wakamcheka: "Kwa hiyo ua umejikata wenyewe?" Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na siku ile nilijua kwamba kunyamaza nako ni uongo.

"Panga lilikuwa langu," nikasema.

Mzee Luhende alinigeukia. "Mchumba wa fisi," akasema, "kumbe na wewe unang'ata." Watu wakaangua kicheko. Kulwa hakucheka. Mama Masanja naye hakucheka.

"Ua hujengwa tena," akaniambia. "Lakini nilikuambia pa kupita, ukanisikiliza kama redio."

Wazee walinipa adhabu ya kuziba ua kwa mikono yangu na kuwatafutia maksai chakula mpaka mvua inyeshe. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiomba mabua ya mtama. Hayakutosha. Maksai mmoja alikufa kabla ya mvua, na msimu ule Mama Masanja alilima kwa jembe la mkono, nami nikiwa kando yake, viganja vimechubuka.

Hapo shambani ndipo nilipomuuliza kwa mara ya kwanza: kwa nini njia yenu imepinda?

"Iliyopinda haionyeshi nyasi," alijibu bila kuinua kichwa. "Ng'ombe akishaziona, hakuna fimbo ya kumrudisha."

Jibu hilo ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu. Miaka yote niliyofundisha uhifadhi wa wanyamapori, nimekuwa nikiuliza watu hufunga nini, hufungua lini, na kwa nini. Digidigi wamerudi katika ngitili nyingi zilizofungwa hivyo. Maksai wa Mama Masanja hakurudi.

Sisemi kwamba wazee hawakosei. Mzee Luhende aliamini kila fisi ana mchawi anayemfuga, nasi tulibishana juu ya hilo mpaka alipofariki. Lakini yeye nilimsikiliza kwanza, ndipo nikambishia.

Sasa wewe unakwenda msitu ule wa Geita, karibu na Katoro, kuwaambia wachimbaji wadogo wa dhahabu kwamba mashimo yao yanawafukuza wanyama. Huenda ni kweli. Ila usianze na hotuba. Kaa nao, uliza wanapita wapi, wanakata miti gani na kwa nini ile. Watilie shaka ukitaka. Nami nilikuwa hivyo, na sikulaumu. Lakini ramani yako uitilie shaka zaidi, kwa kuwa ikikosea, atakayelala njaa si wewe. Na ukikosea, sema mapema, kabla hajatafutwa Kulwa wa kubeba kosa lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie midomo ya watu, akupe masikio ya kuwasikia, na akurudishe kwetu mzima, mwenye rafiki katika kila kijiji utakachopita.