Mashine Ambayo Musembi Hakuifuta

"Mama Easter, huyu Musembi huzungumza na nani mle chumbani kila alasiri?" Ndivyo alivyoniuliza Bi Mahfudha, mwenye nyumba wetu hapa Shella, tukianika nguo uani. "Namsikia akisema karibu, karibu, na mgeni simuoni. Kama ni jini, basi na aje anisalimu. Nyumba ni yangu."

Nilicheka, ila moyo haukutulia. Mimi pia nilikuwa nimemsikia.

Musembi ni Mkamba mwenzangu, mtu mpole, na kazi yake wengi hawaielewi. Hoteli ikitengeneza ukurasa wake wa mtandaoni, humpa yeye aufungue kwenye kompyuta za zamani, zenye vivinjari vya zamani, yaani programu za kufungulia mtandao, aone kama maandishi yamepandana au picha zimepotea. Si kila mgeni ana mashine mpya. Kabla ya kujaribu lazima afute kumbukumbu ya mashine, la sivyo itamwonyesha ukurasa wa kale kana kwamba ni wa leo.

Kompyuta anazo tano. Nne huzifuta. Ya tano, yenye kivinjari kikuukuu kuliko vyote, hakuwa ameifuta kwa miaka sita.

Juzi nilimpelekea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, nikamkuta ameketi mbele ya hiyo ya tano. Ukurasa wa hoteli moja ya Watamu ulikuwa ukifunguka polepole, kutoka juu. Zikaja nywele. Likaja paji la uso. Kisha macho, yakanitazama.

"Karibu, mwanangu," akasema Musembi.

Alikuwa Kavata, bintiye, aliyefanya kazi mapokezi hotelini hapo, na tulimzika miaka sita iliyopita. Hoteli ilishaiondoa picha yake zamani. Mashine ile tu ndiyo iliyokuwa haijui.

"Picha zake si unazo?" nikamwuliza taratibu.

"Ninazo. Picha imetulia tu, Mama Easter. Hapa anakuja."

Ndipo akanieleza. Hoteli ile imetengeneza ukurasa mpya, naye aliujaribu kwenye mashine hii bila kufuta. Akamwona Kavata, kila kitu kimenyooka, akaandika: uko sawa. Kumbe wageni wenye mashine za zamani walikuta weupe mtupu. Asubuhi hiyo Cherop, msichana wa hoteli anayempa kazi, alikuwa amempigia simu.

"Aliniuliza, mzee, ulifuta? Mwenyewe alijua sikufuta. Akasema, basi futa leo ujaribu upya, mimi ndiye niliyekutetea kwa meneja."

"Na wewe unasemaje?"

"Niliandika uongo. Hilo nalijua."

Nilimwambia Kavata hakai ndani ya mashine, yuko mikononi mwa Mungu. Naamini hivyo. Lakini macho yale yalikuwa bado yananitazama, na sauti yangu ikatoka ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi. Tuliinamisha vichwa, nikasali kwa Kikamba, maana ndiyo lugha aliyolelewa nayo yule binti.

Baada ya amina Musembi alifungua mahali pa kufutia kumbukumbu. Mkono wake ukaenda, ukasimama. Ukaenda tena, ukarudi pajani. Akasogeza kiti chake pembeni, akanipisha.

"Nakuomba ubonyeze wewe, Mama Easter. Mimi ni babake, siwezi."