Udi Hotelini

Mdogo wangu na mumewe walipofungua hoteli Mji wa Kale, watu walimiminika kupiga picha mlangoni. Nyumba njema si mlango, nikasema. Ndani nilikuwa sijaingia, lakini kijicho hakingoji kuona.

Kisha ikafika zamu ya kubadilisha mabati ya nyumba yangu, Majengo, na mdogo wangu akatuita mimi na mama tukalale kwake mpaka fundi amalize. Mama alikuwa akikaa nami tangu baba afariki. Mimi ndiye niliyemkanda miguu, mimi ndiye niliyeijua chai yake. Nilikwenda nikiomba chumba kimchukize.

Na chumba chenyewe! Kitanda kimejaa ukuta kwa ukuta, unakipanda kwa upande wa miguuni. Ukitaka kufungua mlango wa choo, mwenzako akunje magoti. Lakini shuka nyeupe, taa za shaba, boriti zimepakwa mafuta zinang'aa. Mama akaushika mto, akasema, "Mashaallah." Mto wangu haujapata kuambiwa hivyo.

Ijumaa asubuhi akafanya kama kila Ijumaa. Akaagiza makaa jikoni, akatoa chetezo mkobani, akatia udi, akaanza kufukiza nguo zake. Chumba kile, moshi uende wapi? King'ora kikalia hoteli nzima, wageni wakatoka na mataulo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sasa atakaripiwa, nikawaza, na leo leo ataitaka nyumba yangu.

Mdogo wangu akaja mbio. Akatutazama, akacheka mpaka akajibwaga kitandani.

"Mama, nifukize na mimi."

"Ndoo hapa, mwanangu."

Akamfunika leso, akamfukiza nywele kama bibi harusi. Mimi nilibaki mlangoni, maana nafasi ya mtu wa tatu haikuwapo.

"Kila Ijumaa uwafukizie wageni wangu pale ukumbini," mdogo wangu akamwambia.

Uso wa mama ukachanua. Akanigeukia. "Weye nenda kaangalie mabati yako. Mimi n'takaa hapa kidogo."

Mabati yamekwisha zamani. Hicho kidogo cha mama bado hakijaisha.

Juzi jirani alinisimamisha nikitoka sokoni. "Mamako yuwapi? Simuoni siku hizi."

"Yuko hotelini," nikamjibu kwa maringo, "kwa mwanawe."

Akanitazama. "Kwani weye si mwanawe?"