Sanduku la Chapati Njia ya Maporomoko

Wenzangu mliokulia huku ughaibuni, Germantown, enzi zetu, semeni ukweli: nani kati yetu aliyaona maporomoko ya Mto Potomac akiwa mdogo? Walioyaona ni wale waliokuwa na gari. Sisi wengine tuliyasikia tu kila Jumatatu darasani, wenzetu wakisimulia jinsi maji yalivyokuwa yakiruka mawe.

Nilichoka kusikiliza. Siku moja, nikiwa darasa la nne, nikamwambia mwalimu kwamba hata mimi nimefika huko, tena mara mbili. Akafurahi mno, akasema Jumatatu ijayo nisimame mbele niwaeleze wenzangu. Nilifika nyumbani nikilia, nikamwambia mama yote.

Mama alikuwa akitunza wazee majumbani, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake pekee ya kunyoosha miguu. "Umedanganya," akasema. "Sasa itabidi twende tukaufanye huo uongo uwe kweli."

Basi Jumapili, tulipotoka kanisani, akapanga chapati, kuku wa kukaanga na chupa ya chai ndani ya sanduku la magurudumu alilokuja nalo kutoka Kenya. Kikapu, alisema, kingemuumiza mgongo. Tukapanda basi, tukabadilisha, na lile la pili likafika mwisho wa safari yake. Mama akamuuliza dereva hifadhi yenye maporomoko iko wapi. Dereva akanyooshea kidole barabara isiyo na hata njia ya miguu.

"Mbele huko. Lakini watu huenda kwa gari."

"Basi leo wataona watu wengine," mama akamjibu.

Tulitembea majanini zaidi ya saa nzima, magurudumu yakikwama kila hatua, mdogo wangu Kefa akimaliza nyimbo zote za kanisani na kuanza upya. Polisi mmoja akasimamisha gari lake. Kwa kuliona lile sanduku, alidhani tunatafuta uwanja wa ndege. Mama hakubishana, alilifungua tu. Harufu ya kuku ikamaliza mahojiano. Polisi akala chapati moja amesimama, kisha akatufuata nyuma polepole, taa zikimulika, utadhani msafara wa rais.

Langoni, mama mmoja aliyevaa sare akachungulia nyuma yetu. "Gari lenu liko wapi?"

"Ndilo lile," Kefa akasema, akionyesha la polisi.

Na maji niliyaona. Yalinguruma hadi kifua kikanitetemeka, nikamshika mama mkono, naye akaushika wangu kwa nguvu zaidi. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikakiri kwamba nimefika mara moja tu, nikawasimulia habari za polisi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu maji.

Siku hizi kuna basi la wikendi linalofika hadi langoni. Wanangu wakilisubiri dakika tisa, wanalalamika kwa Kiingereza kama watu waliotelekezwa jangwani. Juzi nilimpandisha mama. Basi likajiinamisha lenyewe ili magoti yake yasihangaike, nami nikatamani lingekuwepo zamani zile. Tulipoketi, akaanza kunisimulia kisa cha shangazi Kemunto na jirani yake. Kabla hajafika katikati, milango ikafunguka.

"Tumeshafika?" akauliza, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Na mimi sijamaliza kuongea."