Mpunga wa Balbina na Jicho la Ritha

Dionisi alikwenda Lupiro kuutazama mpunga wa Balbina ungali shambani, maana mnunuzi anayesubiri magunia yafike ghalani hununua kwa bei ya wenzake. Ulikuwa umeshainamisha vichwa, bado kama wiki tatu uvunwe. Balbina alikuwa juu ya dungu tangu alfajiri akiamia ndege wasile mpunga, sauti imemkauka. Mumewe alikuwa amekwenda kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, hakurudi wala kutuma habari. Kando ya Balbina, bintiye Ritha, wa miaka miwili, alijifunika kanga usoni akilikimbia jua.

Kanga ikateleza. Dionisi akaona baka jekundu la kuzaliwa, kutoka kwenye paji hadi shavuni, na jicho la upande huo kubwa kuliko mwenzake, likitiririka machozi.

Balbina akamweleza. Ukoo mzima ulilisifu jicho lile. Walisema Mungu amefidia baka. Yeye mwenyewe alilifurahia mwaka mzima. Kisha daktari wa Ifakara akamwambia baka na jicho ni ugonjwa mmoja, wa nadra: maji ya jicho hayapati njia, presha inalivimbisha na kuua mshipa wa kuonea. Majirani walicheka, tangu lini mtoto akaugua presha. Upasuaji ulikuwa Dar, Jumatatu inayofuata.

"Utakwenda?"

"Nikishavuna."

"Jicho litakungoja?"

"Na ndege wataningoja, bosi?"

Dionisi alilipima shamba kwa macho: magunia kumi na tano. Akasema alichukue kama lilivyo, aamie, avune, Balbina apewe manne. Balbina alirusha kwanza bonge la tope kwa ndege, ndipo akajibu. Alitaka sita, hata kama ndege watamaliza lote.

"Na yawe ya lumbesa, yajae mpaka juu ya mdomo, kama mnavyotushonea sisi."

Dionisi aliguna, akakubali. Yangembakia kama manane, maana lumbesa humeza zaidi.

Balbina alirudi kutoka Dar baada ya wiki saba, amekonda. Upasuaji wa kwanza ulifungua njia ya maji, presha ikapanda tena, mtoto akapasuliwa mara ya pili. Huku nyuma waamiaji wa Dionisi walisinzia mchana, ndege wakala. Yalipatikana magunia kumi na moja. Sita ya lumbesa yalikula saba. Alipowalipa wavunaji na waamiaji, lilimbakia moja na nusu. Hakubisha, ahadi ilikuwa yake.

Presha ilishuka. Jicho halikung'olewa, ila Ritha anaona nalo mwanga na kivuli cha mkono tu; lililopotea halirudi, na lile la pili ni zima. Kliniki ni kila mwezi, huenda maisha yake yote. Ndiyo maana Balbina ameliacha shamba kwa shemeji yake, Gasper, akapanga chumba Lumemo karibu na njia ya hospitali ya Ifakara, anakaanga vitumbua. Dionisi naye aliliomba shamba, lakini alichelewa kwa siku mbili, Gasper ameshapewa.