Mota ya Waipa Dirishani kwa Baba

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi Kibirizi mpaka siku boti aliyokuwa akiiziba nyufa ilipoteleza kwenye magogo na kumbana kiuno. Tangu hapo miguu haikumsikia tena. Mama alishafariki, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini, sijaolewa, basi nikamhudumia mimi. Kitanda chake tulikiweka dirishani aone ziwa. Asubuhi alikuwa na raha zake. Shida ilianza mchana, jua likielekea Kongo: lilimpiga usoni, naye hana wa kumshushia pazia hadi nirudi saa kumi.

"Leo limenionea," aliniambia siku moja, macho mekundu.

Nilimweleza kaka. Hatukuzaliwa tumbo moja. Baba yake alikufa maji tukiwa wadogo, baba yangu akamchukua, akamlea, akamsomesha hadi akawa fundi umeme kwenye karakana ya umma. Watoto wake watatu waliniita shangazi. Alilipima dirisha kwa shibiri, akasema, "Dada, niachie mimi. Mzee atafungua na kufunga mwenyewe, hapo hapo alipolala."

Jumamosi akaja na mkoba wa vifaa. Mimi nilikuwa nimenunua pazia la matete kwa mama mmoja wa Ilagala. Alilifunga kwenye mti wa mviringo juu ya dirisha, na pembeni akakaza mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo cha lori. Betri ikakaa chini ya kitanda. Waya mrefu ukaishia kwenye swichi ndogo mkononi mwa Baba.

"Mota umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye lori bovu. Mkuu wangu aliniruhusu."

Baba akabonyeza. Pazia likapanda polepole, likinguruma. Alicheka hadi akakohoa. Wiki nzima majirani walikuja kutazama, naye akawa analipandisha na kulishusha hata siku za mawingu.

Miezi miwili baadaye, Jumapili, tulikuwa tunakula ugali na migebuka ya ziwani, balozi wetu wa nyumba kumi akapiga hodi. Nyuma yake walikuwa mgambo wawili, na kaka. Nilidhani amekuja kula.

"Karibu kaka, nawa."

Hakunawa. Alinyoosha kidole dirishani. "Ndiyo hiyo."

Balozi alieleza kwa upole kwamba vipuri vimepotea karakana na watu wanahojiwa. Nikamwambia aliyeileta mota ni huyo aliyesimama naye, amuulize yeye.

"Nimeshaulizwa," kaka alisema, akiyatazama matete. "Dada ndiye aliyenipa niifunge. Alisema imetoka kwa ndugu zake, ng'ambo."

Neno hilo lilitosha. Ukoo wetu ulivuka kutoka Kongo kabla ya uhuru, na Baba alikuwa na kadi ya chama tangu zamani, lakini siku zile za kupambana na magendo, mwenye ndugu ng'ambo alikuwa mlanguzi mpaka athibitishe kwamba siye. Kaka alilijua hilo vizuri. Alikulia chini ya paa letu.

Nikamgeukia Baba. "Waambie, Baba. Ulikuwepo alipoileta."

Baba aliitazama sahani yake. "Mimi ni mtu wa kitandani," akasema. "Vitu vinavyoingia humu sivijui."

Mota ikafunguliwa, nami nikapelekwa nayo ofisi ya chama. Nilihojiwa siku tatu. Mwalimu mkuu alinitetea, sikufungwa, ila nilipewa wiki moja nihamie shule ya kijiji cha ujamaa, mbele ya Kidahwe.

Jioni niliyopata barua ya uhamisho, nikimwosha Baba, nilimuuliza, "Alikwambia mota ilikotoka?"

"Aliniambia siku ile ile, ulipokuwa jikoni. Hakuruhusiwa na mtu."

"Ukanyamaza. Na mbele ya balozi ukanyamaza tena."

"Yeye ana watoto watatu, mwanangu. Wangemfunga. Wewe mwalimu, nilijua watakuhamisha tu. Na wewe huvumilia siku zote."

Mkono wangu ulikuwa begani mwake na taulo. Nikaliacha pale pale, maji yakimtiririka, nikatoka nje.

Kijijini nilipewa chumba kimoja, na zahanati ilikuwa mbali, hivyo Baba hakuweza kuja. Kaka na mkewe wakahamia nyumbani kumtunza. Walimtunza vizuri, siwezi kusema uongo. Nilikuja kila likizo kwa lori, nikamwamkia Baba, nikaketi naye, tukazungumza habari za mvua na mihogo. Kaka akisikia sauti yangu alitoka kwa mlango wa nyuma. Mkewe alinipikia bila kuniangalia.

Baba alifariki wakati wa masika, barabara ikiwa matope. Habari zilinifikia siku ya tatu, nikakuta amekwishazikwa. Macho yake aliyafumba kaka, si mimi.

Kwenye matanga kaka alinijia, akachuchumaa mbele yangu. "Dada, nisamehe. Niliogopa."

"Kuogopa nimekusamehe," nikamwambia. "Kutuita watu wa ng'ambo, hapana."

Alilia. Mimi sikulia. Angalau yeye aliomba, nami nikajibu, yakaisha. Baba ndiye sijamalizana naye. Kila nikienda kufyeka kaburi lake huwa nimejiandaa kumwambia kitu, na kila mara nafyeka, nafagia, naondoka.